Mwaka Niliofundishwa Kuinama

Mama Eliya tumemzika wiki iliyopita, kule Pangani ya Kibaha, na nyumba yake haijaisha. Alikuwa anaijenga chumba kimoja kimoja tangu nimjue, akastaafu, akazeeka, chumba cha mwisho kikabaki hakina dari. Nilikaa sebuleni na wanawake wenzangu, tumetandikiwa mikeka, makochi yametolewa nje kwa ajili ya wanaume, na kila aliyeingia aliulizwa marehemu alikuwa nani kwake. Mmoja anasema jirani, mwingine tulisali wote, mwingine alikuwa mkubwa wangu ofisini. Zamu yangu ilipofika nikakwama. Niwaambie nini? Kwamba huyu mama kwa karibu mwaka mzima kazi yake ilikuwa kunitazama mgongo? Nikasema, "Tuliugua pamoja," wakaitikia pole, wakanisogezea sahani ya wali na maharage. Wali ulikuwa wa mafuta, hauna nazi hata tone, watu wa bara ndivyo wanavyopika, na mimi miaka yote nilikuwa namtania Mama Eliya kwamba kwake tunakula chakula cha wagonjwa. Niliula wote. Nililia huku natafuna, wala sioni aibu kusema.

Mwaka huo ninaoukumbuka nilikuwa sijafika thelathini, na mgongo ulikuwa umeniuma muda mrefu kiasi kwamba watu walikwisha kuchoka kunipa pole. Nilikuwa nafunga maboksi katika kiwanda kimoja huko Zegereni. Unanyanyua, unageuka, unatua, unanyanyua tena, mpaka siku moja mimi nikageuka na kiuno kikagoma kugeuka. Wakanipumzisha. Ndivyo wanavyosema, kana kwamba wamekutandikia kitanda. Nikapigwa picha, picha ikatoka safi. Nikachuliwa kwa mafuta ya nyonyo, nikafungwa kitenge kiunoni, nikaambiwa nimelogwa, nikaambiwa dawa yangu ni kuolewa. Jamani! Nikarudi katika chumba changu cha kupanga pale Kibaha, nikawa naamka kwa vipande: kwanza mkono, halafu goti, halafu kusubiri. Kijiko kikianguka kinalala palepale mpaka aje mtu wa kukiokota. Niliacha kabisa kuinama, na nilidhani huko ndiko kujitunza.

Ningeweza kuendelea hivyo, maana wapo wengi wanaishi hivyo mpaka wanazikwa. Lakini mwaka huohuo mama yangu, kule Masaki ya Kisarawe, akapatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukafa wote, maneno yakawa yanamtoka nusu nusu. Alikuwa analala kwenye kitanda cha kamba chenye miguu mifupi, katika chumba chenye dirisha moja lililokuwa linatazama mikorosho, na asubuhi jua lilikuwa linamwingia usoni naye hawezi kujigeuza. Kaka yangu Kassim alikuwa anaishi uani hapohapo na mkewe, mwanamke mkimya, mchapakazi, sina la kumsema. Lakini kwetu mkwe na mkamwana wana mpaka wao. Mkamwana atapika, atafua, atapiga magoti kuamkia. Kumvua nguo mkwe wake na kumwosha, hilo hapana. Kwa hiyo mama alikuwa anaoshwa na Bi Tabu, jirani wa rika lake, na Bi Tabu alikwisha sema wazi kwamba msimu wa korosho ukiisha anahamia kwa mwanawe. Tulikaa chumbani mle tukijadili, mama katusikia yote. Kassim akasema, "Mke wangu yupo, maji yapo. Ugonjwa hauna aibu." Mama akanyanyua ule mkono wake mzima, wa kushoto, akautikisa. "Mka... mwana hapana," akasema. "Nitafunga kinywa." Alimaanisha ataacha kula, na sisi wote tulimjua kwamba angeacha.

Nikasema, "Nitakuja mimi." Baadaye nimekaa nyuma ya nyumba na kikombe changu cha chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha, nikamsikia Kassim upande wa pili wa ukuta akimwambia mkewe, "Huyo mwenyewe anainuliwa kitandani, atamwinua nani?" Ningependa kuandika kwamba nilikasirika. Sikukasirika. Niliutazama ule muhogo, nikaona kwamba kaka yangu amesema kweli tupu, na kwamba mama yangu atavuliwa sitara yake katika nyumba yake mwenyewe kwa sababu mimi siwezi kuinama juu ya kitanda kifupi.

Ndipo nikaenda kwa daktari wa mazoezi. Nilikuwa nimeelekezwa kwake zamani, nikadharau, maana nilidhani mazoezi ni ya wachezaji mpira. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido ya hospitali, zamani kilikuwa stoo, bado kilinuka rangi na maboksi. Kulikuwa na magodoro mawili sakafuni, benchi, na kioo kirefu cha kabati, kabati lenyewe halipo, kimeegemezwa ukutani. Tulimwita Daktari Neema. Alikuwa binti mdogo kuliko mimi, mwembamba, ana haraka ya maneno. Akaniambia, "Simama wima." Nikasimama. "Umenyooka?" Nikamwambia ndiyo. "Haya, jitazame." Nikajitazama, nikaona mwanamke ameegemea upande mmoja, bega moja juu, makalio yametupwa nyuma. Nikakibishia kile kioo, wallahi. Nikamwambia kioo chenyewe ndicho kimeegemea. Akacheka, akachukua mpini wa fagio akaniwekea mgongoni, uguse kisogo, uguse katikati ya mabega, uguse pale chini mwisho wa mgongo. Ili mpini uguse kote ikabidi nijipeleke mahali ambapo mimi nilipaona ni kupinda kabisa. Nikajitazama tena kiooni. Nimenyooka.

"Maumivu yakikaa sana," akaniambia, "habari za mgongo zinafika kichwani zimevurugika. Unadhani umenyooka kumbe umepinda, unadhani umeinama kumbe umeganda. Mgongo wako haujavunjika, dada. Umepoteza habari zake tu. Kwa hiyo tutaazima macho ya nje mpaka ya ndani yafunguke." Nimeyasikia maneno mengi ya madaktari tangu hapo, ya ndugu zangu na ya kwangu mwenyewe, lakini hayo ndiyo niliyoyashika. Akanibandika plasta mbili ndefu kiunoni, pande zote mbili za uti wa mgongo, nikiwa nimesimama sawasawa. Akasema niiname kutoka kwenye nyonga, magoti yalegee, kiuno kitulie. Nikikunja kiuno, plasta inanivuta ngozi. Mara ya kwanza ilinivuta mpaka nikapiga kelele.

Mama Eliya alikuwa kwenye godoro la pili siku ile. Alikuwa karani katika ofisi ya serikali, mama mnene mwenye sauti ya kuita watoto uwanja mzima, na mgongo wake uliharibiwa na kiti cha ofisi. Alinitazama nikihangaika, akasema, "Mdogo wangu, unainama kama unatafuta kuku chini ya kitanda." Sikumjua, na nilikuwa na maumivu, nikamjibu vibaya. Akacheka. Daktari Neema, ambaye wagonjwa wake walikuwa wengi na yeye mmoja, akaona hapo pana kazi imepatikana. Akasema kuanzia leo nyie wawili kila mmoja ni kioo cha mwenzake, kwa sababu hakuna mtu anayeuona mgongo wake, na hiki kioo changu hamwezi kukibeba kwenda nacho nyumbani. Akamfundisha Mama Eliya cha kutazama na cha kusema. Kusema, Mama Eliya hakuhitaji kufundishwa.

Basi nikawa kila nikitoka mazoezi naenda kwake Pangani. Sebule ileile tuliyokalia mikeka msibani ilikuwa na meza ya vitambaa vya kufuma na redio iliyofunikwa, na harufu ya maandazi. Tunakunywa chai, halafu tunasogeza meza. "Kiuno!" ananiambia. "Kiuno kimekunjika. Nyonga, nyonga. Hapo! Hapo hapo, usitoke." Nikiosha vikombe ananifuata nyuma. Nikiokota kuni ananifuata. Nikivaa kandambili mlangoni, sauti inatoka ndani: "Umepinda!" Tulikuwa tunacheka mpaka inatubidi tukae, na kucheka kwenyewe kunauma. Baada ya muda Daktari Neema alinipa gunia la mchanga ninyanyue mbele ya kioo, Mama Eliya pembeni anaimba nyonga zake, nikalinyanyua vizuri kabisa, plasta haikuvuta. Daktari akapiga makofi. Mimi nikaona nimepona. Sasa hivi nikikumbuka naona kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu alikiona, hata daktari: mgongo wangu ulikuwa umehamia mdomoni mwa Mama Eliya. Mimi mwenyewe nilikuwa sina habari nao.

Nilikwenda Masaki korosho zikiwa zimeanza kupungua mitini. Nikamwambia Bi Tabu apumzike, leo nitamwosha mama mimi. Nikafunga mlango. Beseni la maji ya vuguvugu chini, sabuni, kanga mbili safi begani. Nikamvua mama, nikamfunika, nikasimama karibu na kitanda, nikalegeza magoti. Halafu pakawa kimya. Sijui niseme vipi. Nilisubiri kitu. Plasta nilikuwa nimebandua sababu ya jasho la safari, kioo hakuna, na Mama Eliya yuko Kibaha na mafaili yake. Nikajiuliza: nimekunja kiuno au nyonga? Sikujua. Nikajiuliza tena, sikujua kabisa, kama mtu anayeulizwa jina lake akalikosa. Mama alikuwa ananitazama. Nikaona aibu kusimama tu, nikapitisha mikono chini yake nikavuta.

Kiuno kikakamata palepale. Nilianguka kwa magoti, na mama akateleza kutoka ukingoni mwa kitanda akaja chini pamoja nami, kanga ikabaki juu. Alikuwa amelala sakafuni, hana kitu mwilini, mkono mzima unatafuta nguo na hauifikii, na mimi niko naye uso kwa uso siwezi kunyoosha hata kidole kumfunika. Nikaita. Aliyekuwa karibu ni wifi yangu. Alifungua mlango, akaona, akatugeuzia mgongo. Nikamwambia, "Wifi, nisaidie, sina nguvu." Akasimama hapo mlangoni, nasikia anapumua. Halafu akafanya jambo ambalo sijapata kuliona kwa mtu mwingine. Akafumba macho. Akaja amefumba, anapapasa hewa, akagusa ukuta, akagusa beseni likamwagika, akamkuta mkwe wake kwa mikono, akampandisha kitandani bila kufumbua, akatafuta kanga kwa kupapasa akamfunika. Ndipo akafumbua, akaninyanyua mimi. Mama alikuwa analia kwa sauti ya chini, upande mmoja wa uso ukilia na mwingine umetulia, na wifi naye analia, na mimi nilitamani kufa. Jioni yake mama hakugusa uji. Kassim akasema mchezo umekwisha. Nilimwomba aningoje mpaka Bi Tabu atakapoondoka, nilimwomba mimi dada yake kwa kumpigia magoti ambayo nusura nishindwe kuyainua. Akasema, "Ukishindwa tena, usinililie."

Daktari Neema aliposikia habari hiyo hakunipa pole. Alikaa kwenye benchi, akafikiri, akasema, "Tumekupa macho mengi mno." Akaenda kwenye kile kioo akakigeuza, kikatazama ukuta. Plasta akaacha kunibandika. Kisha akamgeukia Mama Eliya akamwambia, "Shikamoo mama yangu, naomba ufunge mdomo." Mama Eliya akaitikia marahaba kwa mshangao. Sheria mpya ikawa hivi: nitanyanyua, nitatua, halafu mimi kwanza niseme nilikuwaje. Mama Eliya haruhusiwi kusema mpaka niseme, na siku nyingine haruhusiwi kusema kabisa.

Wiki zile zilikuwa nzito. Nyumbani kwake tulikunywa chai hatuongei. Nanyanyua ndoo, natua, namgeukia. "Nimepinda?" Anasema, "Sema wewe." "Sijui." "Basi na mimi sijui." Nilimchukia, Mungu anisamehe, nilimchukia yule mama na andazi lake mkononi. Niliona ananiona nazama naye anakunja mikono. Na yeye alikuwa anaumia; alikuwa anaziba mdomo kwa pindo la kitenge chake, macho yamemtoka. Siku moja nikamwambia, "Nilikunja kiuno mwishoni, wakati wa kutua." Nilisema kwa kubahatisha na hasira. Akaangua kilio. Akasema, "Ndiyo! Mwishoni! Ndiyo, mdogo wangu!" Tangu hapo nikawa nakosea, napatia, nakosea, napatia. Alijitolea yeye mwenyewe kuwa mgonjwa wangu. Analala kwenye godoro, anasema haya, mkono wa kulia umekufa, mguu wa kulia umekufa, nigeuze. Uzito wake ulikuwa mara mbili ya ule wa mama yangu. Siku ya kwanza alijifanya amekufa sana mpaka tukacheka, halafu nikamkumbuka mama kweli, tukaacha kucheka, nikamgeuza.

Bi Tabu aliondoka, nami nikahamia Masaki. Asubuhi ya kwanza nilifunga mlango. Kassim alikuwa uani, ananoa panga ambalo halikuhitaji kunolewa. Nililegeza magoti, nikainama kutoka nyonga, nikasubiri, na safari hii kulikuwa na jibu, dogo, la mbali, lakini langu. Nikapitisha mikono. Na mama, kwa woga wa kuanguka tena, akaurusha ule mkono wa kushoto ukanizunguka, kiganja kikatua mgongoni mwangu, chini kabisa, palepale zilipokuwa plasta. Hakuna aliyemfundisha. Nilipolegea akanishika kwa kucha. Niliposimama vizuri kiganja kikatulia. Nikamkalisha. Nikamwosha shingo, kwapa, mgongo, nikamkausha, nikampaka mafuta, nikamvika. Akasema neno moja zima, "Ahsante," na uji wake akaumaliza.

Tuliishi hivyo miezi. Nisidanganye kwamba nilipona. Zipo siku niliamka kwa vipande kama zamani, na nikamwosha hivyohivyo polepole. Niliwahi kusema tukiinue kitanda kwa matofali, akakataa, akauliza anapandishwa jenezani kabla ya siku yake? Wifi alikuwa analeta maji mpaka mlangoni, anagonga, anaondoka. Hatukuzungumza kamwe ile siku aliyofumba macho. Lakini chakula changu alikuwa ananiwekea sehemu nzuri, samaki sehemu ya tumbo, na mimi nilijua. Kassim alianza kuingia chumbani kumsalimia mama baada ya kuoshwa, anakaa ukingoni mwa kitanda, anasema mama leo unanukia. Mama anageuza uso dirishani, amefurahi.

Alifariki mvua za masika zikiwa zinakatika, mchana, nimetoka kuanika kanga zake. Wanawake walijaa, wakachemsha maji, wakaleta karafuu maiti na udi. Mwoshaji alikuwa mama mmoja mgeni kwangu, akaambiwa binti wa marehemu anataka kuosha. Akanitazama, walikwisha mwambia habari zangu, akaniuliza kwa upole, "Utaweza kuinama, mwanangu?" Nikamwambia nitaweza. Wakashika kanga kuzunguka, na wifi yangu alikuwa mmoja wa walioshika, amegeuza uso nje. Nikamgeuza mama upande, nikamshikilia hapo nimeinama wakati mwoshaji anamwagia maji, muda mrefu, mrefu kuliko siku zote. Kisha upande wa pili. Nilikuwa najua kila sehemu ya mgongo wangu ilipo. Nyonga zilikuwa zimekunjika vizuri, kiuno kimetulia, magoti yamelegea. Hakuna aliyeniambia, na nilikuwa na hakika.

Tulipomaliza wakamfunika, wakaanza kuleta sanda. Nikasimama wima. Nikangoja. Mgongo ule uliokuwa umeniuma nikila, nikilala, nikicheka, ulionitoa kazini, ulionidhalilishia mama yangu sakafuni, ulikuwa kimya. Nikauinamisha tena, vibaya, kwa makusudi, nikakunja kiuno kabisa kama nilivyokatazwa, nikajipinda na upande. Nilitaka uniume. Nilitaka kitu kiniume mahali ninapopajua. Haukuniuma.

Wifi akadhani nimeangusha kitu. Akauliza, huku bado kageuza uso, "Unatafuta nini, wifi?"

Nikamwambia, "Hakuna."